Nahodha Mmoja, Mashahidi Wengi

Wahenga wetu wa pwani walituachia neno kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Neno hilo ni la kweli, wala sina nia ya kulipinga. Nataka kuliongezea la pili, ambalo nililipata mbali na bahari, katika mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, mahali ambapo mtu anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa bila ya kuonja maji ya chumvi isipokuwa yale ya Ziwa Singidani. Neno lenyewe ni hili: nahodha awe mmoja, lakini mashahidi wake wawe wengi. Sikulisoma kitabuni. Nililipata katika mabishano ya kamati ndogo ya hospitali ya misheni, iliyotakiwa mwaka 2014 kuchagua kifaa cha kumwongoza rubani wa ndege ndogo, nami nikiwa katibu wake.

Huenda msomaji aliyezoea kukuta humu tenzi na mashairi akauliza, mambo ya ndege yametufikaje? Namwomba avute subira. Lugha yetu yenyewe imekwisha kuyaunganisha mambo haya, kwani jahazi twaliita chombo, na dira iliyomo ndani yake nayo ni chombo. Aliyelea lugha hii alijua kwamba kinachombeba mtu na kinachomwonyesha njia vina undugu, na kwamba kimoja kikiharibika cha pili hakina faida.

Kwanza niieleze nchi. Mji wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na majabali makubwa ya matale yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kisha akaghairi. Ukiruka kutoka Dodoma, ni kama kilomita 190 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Arusha ni kama 265. Upande wa mashariki, siku hewa ikiwa safi, Mlima Hanang wa mkoa jirani wa Manyara husimama peke yake wenye mita 3,417, na rubani akishauona hahitaji kuuliza njia. Kusini ipo Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, nayo hupita Manyoni na Itigi. Na kutoka Manyoni lipo tawi linalopanda hadi Singida. Kaskazini-magharibi ni mbuga ya Wembere na Ziwa Kitangiri. Hizo ndizo alama kubwa. Baina ya hizo ni vichaka.

Nasema vichaka, na mtu wa kisiwani asidhani namaanisha msitu wa mikarafuu. Vichaka vya Itigi ni vya miti mifupi iliyosongamana, yenye kimo kinacholingana, na kutoka juu huonekana kama zulia moja la kijivu wakati wa kiangazi, lisilo na mshono wala doa. Mto uliochorwa kwenye ramani, mwezi wa Oktoba ni mchanga tu. Ziwa lililochorwa kwa buluu huwa jeupe kwa magadi, au limerudi nyuma likaacha ufukwe ambao hakuna aliyeuchora. Na wakati huohuo wakulima na warina asali huchoma moto, moshi na vumbi vikachanganyika, na rubani akawa haoni mbele ila kilomita chache. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba bara nako kuna bahari, na kwamba mtu anaweza kupotea akiwa juu ya nchi kavu kama alivyopotea mwingine akiwa juu ya maji.

Ndege ndogo zina historia ndefu katika tiba ya Afrika Mashariki. Madaktari warukao wa AMREF walianzishwa mwaka 1957, na mashirika ya misheni nayo yana safari zao. Ndege iliyotuhudumia sisi ilikuwa Cessna 206, yenye injini moja, inayokwenda kiasi cha maili za baharini 130 kwa saa. Ilibeba chanjo, damu, muuguzi, na mara nyingine mgonjwa aliyelazwa sakafuni baada ya viti kung'olewa. Viwanja vyake vilikuwa vipande vya ardhi vilivyofyekwa na wanakijiji, visivyo na taa. Jua likizama, kiwanja hakipo tena. Kwa hiyo rubani aliyepotea dakika ishirini tu jioni hakupoteza dakika ishirini. Huenda amepoteza mgonjwa, au ndege, au vyote pamoja naye.

Wafadhili walituletea fedha za kununulia kifaa cha satelaiti, nasi tukaambiwa tuchague.

Nieleze kwa ufupi namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, maana wengi tunakitumia simuni bila ya kukitafakari. Mfumo wa GPS, ambao ni mali ya serikali ya Marekani, ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Una satelaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Kila moja imebeba saa ya atomiki, na kazi yake ni kutangaza bila kukoma: mimi niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Kipokezi kilichoko mkononi hakitumi neno lolote. Husikiliza tu, kikapima sauti ya kila moja imechelewa kiasi gani, na kwa sauti nne kikajua kilipo na kimo chake. Shahidi mmoja hatoshi, wala wawili, wala watatu. Nilipoyasoma hayo nilitabasamu, kwani sisi tumezoea hata mwezi mwandamo kuutakia mashahidi.

Raia hawakufunguliwa mlango huo kwa wema mtupu. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea, safari namba 007, iliiacha njia yake ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa, wakafa watu 269. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa marubani waliiacha mashine iwaongoze kwa saa nyingi bila ya kutambua kwamba imekwenda upande. Baada ya msiba huo ndipo Rais Reagan alipoahidi kwamba GPS itatolewa bure kwa usafiri wa kiraia. Hata hivyo, kwa miaka mingi ishara ya raia ilitiwa kosa makusudi, iweze kukosea hadi mita 100. Kosa hilo liliondolewa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Tangu hapo kifaa cha mkononi kiliweza kumwambia rubani, kwa tofauti ya mita chache tu, yuko juu ya kichaka gani.

Basi kamati yetu iliwekewa mezani mambo mawili. La kwanza ni kifaa kilichotengenezwa mahsusi kwa ndege: kidogo, kigumu, chenye vitufe ambavyo kidole hukipata hata ndege inaporushwa na joto la mchana, na kioo kinachosomeka juani. Kasoro yake ilikuwa bei, na ufinyu wa kioo. La pili ni kompyuta kibao, ambayo siku hizi, tangu sensa ya mwaka 2022, kila mtu anaiita kishikwambi. Hiyo ina kioo kipana, hubeba ramani zote za nchi, hupakuliwa programu ya urubani kwa bei nafuu, na mara tu iPad ilipotoka mwaka 2010 marubani wengi duniani waliikimbilia. Lakini nayo ina yake. Baadhi ya vishikwambi, hasa visivyo na nafasi ya laini ya simu, havina kipokezi cha satelaiti ndani, hata vikionyesha ramani nzuri. Lazima vipewe kipokezi cha pembeni kinachovitumia habari bila waya. Kioo chake hung'aa kikawa kama kioo cha kujitazamia. Na vishikwambi vingi vimetengenezwa kwa joto lisilozidi digrii 35. Vikiachwa nyuma ya kioo cha mbele cha ndege kwenye jua la Singida, hujizima vyenyewe ili visiungue.

Sista aliyekuwa akisimamia duka la dawa alikuwa mtu wa maswali mafupi.

"Kapteni," alimwambia rubani, "ukiwa huko juu, kioo hiki kikazimika, utafanya nini?"

"Nitafanya alichonifundisha mwalimu wangu, Sista. Nitatazama saa, dira na ardhi."

"Basi tununue cha nini?"

"Kwa sababu mwezi wa Oktoba, Sista, saa husema, dira husema, lakini ardhi hunyamaza."

Kabla ya kununua, Kapteni alinitaka nimsaidie kuandaa orodha ya viwanja na mahali vilipo, kwa latitudo na longitudo. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilituchukua wiki mbili. Orodha moja iliandikwa kwa digrii, dakika na sekunde. Ya pili kwa digrii na dakika zenye nukta. Mtu akiona 30 baada ya dakika, akadhani ni nukta ilhali ni sekunde, atakuwa amekihamisha kiwanja karibu mita 370. Kisha kulikuwa na hesabu zilizotolewa kwenye ramani za zamani za karatasi. Ramani hizo za Afrika Mashariki zilichorwa kwa kipimo cha dunia kiitwacho Arc 1960, ilhali satelaiti hutumia kipimo kingine, WGS 84. Namba zilezile za mahali, zikisomwa kwa kipimo hiki na kile, huachana kwa takriban mita 300. Kila ramani ilisema kweli katika lugha yake, nasi tulizisoma kana kwamba zote zasema lugha moja. Wapenzi wa ushairi wanaijua hatari hiyo, kwani neno moja la Kiamu likisomwa kwa masikio ya Kiunguja laweza kugeuka maana.

Tulipofika kwenye kiwanja kimoja kuhakikisha namba zetu, mzee wa Kinyaturu aliyekuwa mlinzi wa pale alitutazama tukikizungusha kifaa cha kuazima. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Wanangu, hicho kinaona ng'ombe?" Tukamjibu hakioni. "Na upepo?" Nao hakiuoni. Akasema, "Basi mimi bado nina kazi," akaenda kukoka moto wa majani mabichi ili moshi uonyeshe upepo unakotoka. Kapteni aliandika katika daftari lake, mbele ya jina la kiwanja kile, maneno mawili: tafuta moshi.

Maneno hayo mawili yalinirudisha kwa babu yangu. Alikuwa nahodha wa jahazi, akisafiri baina ya Pemba, Unguja na Mafia. Alikuwa na dira katika kisanduku cha mbao, lakini kila alipoingia bandarini hakuitazama. Alitazama mnara ulingane na mnazi fulani, na hapo ndipo akageuza. Alama moja, alikuwa akisema, yaweza kukudanganya. Alama mbili zikilingana, hazikudanganyi isipokuwa zimekubaliana. Usiku alikuwa na nyota, na kilimia kilipochomoza alijua msimu na upande.

Elimu hiyo ina nasaba, na nasaba hiyo imepita katika ushairi. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya kumi na tano aliyetoka Julfar, katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliandika utungo wake mkubwa wa unahodha, Hawiya, mwaka 1462, wenye beti zaidi ya elfu moja. Ana utungo mwingine juu ya njia ya Sofala, unaopita katika pwani yetu hii. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Wataalamu wa leo wengi hawalikubali hilo. Kwangu jambo kubwa ni jingine. Kwa nini nahodha atunge kwa vina na mizani mambo ya nyota na kina cha maji? Kwa sababu kitabu hulowa, na taa huzimika, lakini ubeti uliokaa kifuani haulowi wala hauzimiki. Na mizani ni mlinzi: mtu akisahau neno, ubeti huchechemea, naye hujua kwamba kuna kitu kimepotea. Ushairi ulikuwa shahidi wa akiba. Tena Ibn Majid alijua kwamba shahidi mmoja hafai kila mahali: nyota ya kaskazini, ambayo manahodha wa Uarabuni waliipima kimo kwa kibao na uzi wenye mafundo, huzama chini ya upeo wa macho mtu anapovuka ikweta kuja kwetu. Aliyeitegemea hiyo peke yake, akifika kusini, alikuwa hana kitu. Hapana budi azijue na nyingine.

Niliyasema haya katika kikao, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa. Kapteni alicheka, akasema, "Shehe, umeshaniamulia." Fedha zetu zilitosha kununua kifaa kimoja kipya cha ndege, kizuri, au kishikwambi pamoja na kipokezi chake, na kifaa kidogo cha mkononi kilichokwisha tumika, kile cha watembea kwa miguu, kinachoonyesha mshale na umbali tu. Tulichagua vitatu vinyonge badala ya kimoja chenye nguvu. Hoja iliyoshinda ilikuwa hii: vyombo viwili vinavyoweza kufa kwa sababu moja ni chombo kimoja. Kishikwambi hufa kwa joto na kwa kukosa chaji. Kifaa kidogo hutumia betri za tochi, zinazouzwa katika kila duka la Manyoni na Itigi. Na karatasi haifi ila kwa moto au upepo. Tukaweka na masharti: kishikwambi kifungwe kivulini, kamwe kisilazwe juu ya dashibodi, takwimu zake zisasishwe kabla ya safari, maana mtandao wa huko haukuwa wa kutegemewa, na kila dakika kumi rubani aandike kwa penseli saa, upande na mahali, hata kama kioo kinang'aa mbele yake.

Sharti hilo la mwisho lilionekana na baadhi yetu kuwa la kizamani. Nilikuwamo ndegeni siku lilipotimiza kazi yake. Ilikuwa Oktoba ya mwaka huohuo, tumemchukua mama mjamzito kutoka kijiji cha kando ya Wembere, mtoto amekaa vibaya, muuguzi amemshika mkono. Moshi ulikuwa umetanda. Tulikuwa tukilikabili upepo wa mashariki uvumao sana nchi ile, nao ukitusukuma kando. Katikati ya safari kishikwambi kilijizima. Jua lilikuwa limekifuata kilipokuwa. Kapteni hakukigusa. Alitazama daftari: dakika sita zilizopita alikuwa hapa, upande huu. Alitazama dira. Akaniambia nimsomee kifaa kidogo, nikamsomea maili 31 na upande. Akahesabu kichwani, akalinganisha, akasema, "Vimekubaliana," akageuza ndege kwa digrii chache. Marubani wana kanuni kwamba kila digrii moja ya kosa, katika mwendo wa maili 60, humpotosha mtu kwa maili moja. Digrii chache zile zilikuwa tofauti ya kukiona kiwanja na kukipita. Baada ya robo saa majabali ya Singida yalijitokeza katika moshi. Mama alipasuliwa jioni ile, akatoka salama na mwanawe.

Sisimulii haya ili kukidharau kishikwambi. Kingekuwepo pekee, tungesumbuka. Lakini kabla ya kuwepo kwake, ingekuwa hivyohivyo, tena kila siku. Siku nyingi kilimpa Kapteni kile ambacho babu yangu hakuwahi kukipata: utulivu wa kujua, na macho yaliyobaki huru kutazama ng'ombe na moshi.

Leo jambo hili limepanuka kuliko vichaka vya Itigi. Katika miaka ya karibuni, kwa sababu ya vita, ishara za satelaiti zimekuwa zikizibwa au kughushiwa Mashariki ya Kati na kwingineko, na ndege kubwa za abiria zimejikuta zikiambiwa na vyombo vyao kwamba ziko mahali zisipokuwepo. Ishara inayotoka kilomita 20,200 hufika ardhini ikiwa dhaifu mno, na mwenye mtambo mdogo wa redio aweza kuizima sauti yake. Kuzibwa ni afadhali, kwani chombo kilichonyamaza hujulikana kuwa kimenyamaza. Kughushiwa ndiko kubaya, maana chombo huendelea kusema, kwa utulivu uleule, na kioo chake kikiwa safi. Hapo hapana dawa ila shahidi wa pili asiyekunywa kisima kimoja na wa kwanza: saa, dira, ardhi, na akili ya mtu aliyezoea kuviuliza.

Kwa hiyo anayetaka kununua, iwe kwa ndege, kwa mashua au kwa gari la safari za mbali, mimi ningemshauri asianze kwa kuuliza kipi ni bora. Aulize kwanza: hiki kitakufa vipi, na kikifa nitabaki na nini? Aulize ramani iliyomo ndani inaijua nchi yake kweli, au imemchorea ziwa la buluu mahali penye magadi. Aulize betri yake inapatikana wapi. Kisha, akishanunua, aendelee kuandika kwa penseli. Na sisi tulio visiwani, tunaoshika simu kutafuta hata msikiti wa mtaa wa pili, tuwaulize wazee wachache waliobaki majina ya miamba, mikondo na nyota, tuwafundishe watoto kwa vina na mizani kama inavyofaa, maadamu wapo wa kuwauliza.